Mwalimu Gharib Chande, Debe la Mawese na Pini Isiyo na Kadi

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Mwalimu Gharib Chande atafunga mlango wa karakana ya Idara ya Mitambo hapa Chuo cha Ufundi Mwambao, Kigoma, na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Atakuwa ametumikia chuo hiki miaka thelathini na sita kasoro siku tatu. Tulimwomba azimalizie hizo siku tatu ili hesabu ikae vizuri kwenye keki. Alikataa. Alisema ameshazifidia kwa Jumamosi zote alizokuja bila kuitwa.

Kamati ya sherehe ilinipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kati ya walimu tuliopo, mimi ndiye mwanafunzi wake wa zamani kuliko wote. Ilinipa pia kikomo cha kurasa mbili. Wanaonifahamu wanajua kwamba kurasa mbili kwangu ni salamu tu, kwa hiyo naomba radhi mapema. Halafu ipo sababu nyingine ya kurefusha. Ndani ya karakana yetu kuna kipande kimoja cha chuma ambacho kimenisubiri tangu mwaka 1999, na leo Ijumaa, siku ya sherehe, ndiyo siku yake ya mwisho ya kusubiri. Nitakifikia. Tuanze na mzee mwenyewe.

Mwalimu Gharib alizaliwa Ujiji mwaka 1965. Mama yake alikuwa akiuza mawese sokoni, na yeye mwenyewe husema kwamba alijifunza kupima uzito kwa mkono kabla hajajua kuhesabu. Alisomea ufundi Morogoro, akarudi nyumbani kwa treni akiwa na sanduku moja la nguo na matatu ya vyuma. Inasemekana mkaguzi wa treni alimuuliza kama anahamia Kigoma au anakuja kuijengea daraja.

Aliripoti chuoni Jumatatu ya tarehe 3 Julai 1989. Alikuta fuawe moja, mvukuto uliotoboka na wanafunzi kumi na mmoja. Leo idara ina wanafunzi mia mbili na arobaini, mashine za kuchongea sita, na mwezi ujao inahamia jengo jipya ambalo ramani yake ya kwanza aliichora yeye, nyuma ya kalenda ya mwaka 2011. Fuawe ni ile ile. Amekataa katakata isibadilishwe, na walimu vijana wamechoka kubishana naye.

Somo lake ni sifa za metali. Kwa wageni wetu waalikwa, hili ni somo linalouliza kwa nini chuma hiki kinapinda na kile kinavunjika, kwa nini shaba inapitisha joto haraka, kwa nini reli inarefuka juani. Kwenye vitabu ni somo kavu kama muhogo wa kuanikwa. Kwa Mwalimu Gharib lilikuwa somo la vidole, masikio na pua, na nyakati nyingine la kupiga yowe.

Wote tuliopita mikononi mwake tunaikumbuka chai ya siku ya kwanza. Aliweka sufuria ya chai inayochemka mezani, akatumbukiza fito tatu zenye urefu sawa, moja ya shaba, moja ya alumini na moja ya chuma, kisha akawaita wanafunzi watatu wazishike kwa juu. Mimi nilipewa shaba. Nilikuwa nimetoka kujitambulisha kwa darasa zima kwamba nimemaliza wa kwanza shuleni kwetu Mwandiga, na nadhani hilo lilichangia. Niliiachia kabla wenzangu hawajajua mchezo umeanza. Aliyeshika alumini akafuata. Wa chuma aliendelea kusimama akitabasamu kama bwana harusi. Hapo ndipo Mwalimu alipoandika ubaoni maneno mawili, upitishaji joto, akatugawia ile chai tukanywa. Sijawahi kuhitaji kulisoma somo lile tena.

Alitufunga macho akatuwekea viganjani vipande viwili vyenye ukubwa sawa, kimoja cha alumini na kingine cha risasi alichokiyeyusha kutokana na chubwi za kuzamishia nyavu, tupime wenyewe uzito unakaa wapi. Mchana wa jua kali alitupeleka stesheni, kwa ruhusa, tukapima nafasi kati ya reli na reli mahali zinapounganishwa, baada ya kuwa tumeipima nafasi hiyohiyo asubuhi kukiwa na ubaridi. Asubuhi kidole changu kidogo kilikaribia kupenya. Saa nane isingepita hata karatasi. Alituambia reli inapumua, na fundi asiyeiachia nafasi ya kupumua atakuja kuikuta imejipinda kama nyoka.

Lakini kitu kilichompa jina hadi Kasulu ni madebe yake manne. Yamepangwa ukutani karibu na tanuri: la kwanza lina maji yenye chumvi ya Uvinza, la pili maji matupu, la tatu mawese, la nne majivu. Alichukua eksili moja ya lori lililokufa, akaikata vipande vinne, akavipasha vyote mpaka vikawa vyekundu sawasawa, kisha akatumbukiza kila kimoja kwenye debe lake. Vilipopoa alitupa tupa na nyundo tuvijaribu. Cha chumvi hakikulika na tupa hata kidogo, lakini pigo moja la nyundo kikakatika kama kigae; cha maji matupu kilistahimili mapigo matatu ndipo kikakatika. Cha majivu kilipinda kwa upole, kikakaa hivyohivyo. Cha mawese kilikuwa kigumu na bado kikavumilia. Chuma kilekile, tabia nne, na tofauti yote ni namna kilivyopozwa.

Kwa nini mawese? Wakati anaanza kazi, mafuta mengine yalikuwa hayapatikani au yanawaka moto vibaya, na mawese yalikuwa kwa mama. Yanapoza chuma taratibu kuliko maji, kwa hiyo hayakipi mshtuko. Baada ya hapo alikipasha chuma mara ya pili, kwa moto mdogo, mpaka uso wake ugeuke bluu, akakiacha. Hatua hiyo aliiita kukipumzisha chuma. Alisisitiza kwamba chuma kilichopita kwenye moto na mafuta bila kupumzishwa kina kiburi tu, hakina nguvu.

Alitupa pia majina. Wanafunzi wajuaji aliwaita chuma cha kumimina, maana ni wagumu ila ukiwaangusha wanapasuka. Waliokubali kufunzwa walikuwa shaba. Mimi, baada ya muhula mmoja wa kunitazama, aliniita risasi. Nilipomuuliza sababu alijibu bila kuinua macho kwenye tupa yake, "Mzito, mlaini, na unayeyuka mapema." Jina hilo nimelibeba miaka ishirini na sita. Wanangu wanalijua.

Sasa nije kwenye kabati.

Kwenye ukuta wa mashariki wa karakana kuna kabati la vioo lenye rafu nne. Ndani yake hakuna kombe wala cheti. Kuna vitu vilivyovunjika: meno ya gia, nati zilizopasuka, patasi zilizokatika ncha, springi iliyochoka. Kila kipande kimefungwa kwa waya wa shaba kikadi kilichokatwa kutoka kwenye boksi la chaki, na kila kadi ina mistari minne: jina la aliyevunja, tarehe, sababu, na alichojifunza. Sheria ya kabati ni moja. Kadi inaandikwa na mwenye kosa, kwa mkono wake. Hakuna anayemwandikia mwenzake, hata mwalimu.

Mwalimu Gharib mwenyewe ana kadi tatu humo. Ninayoipenda zaidi imefungwa kwenye mpini wa chungu cha chuma cha kumimina alichotaka kumchomelea mkewe, Bi Saumu, bila kukipasha joto kwanza. Kikalia tah, kikagawanyika. Kadi inasema: "Gharib Chande. 12 Machi 1994. Haraka. Nimejifunza kula mkate siku mbili."

Rafu ya tatu, upande wa kushoto, kuna pini nene kama kidole gumba, imekatika kwenye tundu. Ndicho kipande pekee kisicho na kadi. Kwa miaka mingi wanafunzi wamekuwa wakikisia ni ya nani, na wengi wetu hapa tumekubaliana bila kuulizana kwamba ni kazi ya Mwalimu mwenyewe, ile iliyomponza mwaka 1999, na kwamba aliona aibu kuiandikia.

Pini hiyo ni yangu.

Mwezi wa saba mwaka huo Mzee Mwinshehe wa Ujiji, mwenye boti la kupeleka abiria vijiji vya kusini mwa ziwa, alileta kazi. Pini ya kushikia mpini wa usukani ilikuwa imelika, alitaka mpya. Mwalimu Gharib akaichonga kutoka kwenye eksili, akaitoboa tundu, ikabaki kupashwa, kupozwa kwenye mawese na kupumzishwa. Ilikuwa Ijumaa. Muda wa swala ulipofika aliniachia kazi hiyo, kwa kuwa nilikuwa kiranja wa karakana na ufunguo ulikuwa kwangu. Akaniambia nisiharakishe.

Ambacho hakukijua ni kwamba debe la mawese lilikuwa limeshaliwa.

Nilikuwa nikilala bwenini na Thobias, kijana wa Kasulu aliyeweza kupika dagaa mpaka ukasahau kwenu. Dagaa tulikuwa nao, unga wa muhogo tulikuwa nao, mafuta hatukuwa nayo. Karakana ilikuwa na debe zima jipya, jekundu, likinukia kama jikoni kwa mama. Nikachota kikombe. Wiki iliyofuata nikachota jagi. Thobias aliuliza mara moja tu yanatoka wapi, nikamwambia ni ya shangazi, akasema shangazi huyo Mungu ampe maisha. Debe lilipobaki robo nikaingiwa na hofu, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo lingeweza kufanywa tu na mtu aliyesoma sifa za vitu akaishia katikati: nililijaza maji. Maji yakaenda chini, mawese yakapanda juu. Ukilichungulia unaona debe limejaa mawese mpaka ukingoni. Nililala nikijiona mhandisi.

Basi Ijumaa ile niliipasha pini mpaka ikawa nyekundu, nikaitumbukiza. Ilipita kwenye vidole vinne vya mafuta ikaingia kwenye maji. Debe likanguruma, likarusha matone mpaka darini. Nilijua kilichotokea. Niliitoa pini, nikaifuta, nikaitazama, sikuona kitu. Nikaipasha mara ya pili mpaka ikawa bluu nzuri ajabu, nikaiweka mezani, Mwalimu akarudi akanisifu. Jumamosi Mzee Mwinshehe akaichukua.

Jumanne ikakatika, saa nne asubuhi, boti likiwa mbali na ufuko na upepo wa kusini umeanza. Kulikuwa na watu kumi na wanne ndani, akiwemo mama yake Mzee Mwinshehe aliyekuwa akienda msibani. Usukani ukabaki unajizungusha wenyewe. Boti likalala ubavu kwa ubavu na mawimbi, wakawa wanakumba maji kwa ndoo na sufuria za abiria hadi saa tisa, ndipo boti la wavuvi likawafikia na kuwavuta mpaka Kibirizi. Hakuna aliyepotea. Huwa nairudia sentensi hiyo peke yangu, nikiwa naendesha baiskeli: hakuna aliyepotea.

Kesho yake Mzee Mwinshehe alikuja chuoni na pini imefungwa kwenye kanga ya mama yake. Alisimama mlango wa karakana, darasa zima tunamwangalia. "Gharib," alisema, "ulitaka kunizikia mama majini?"

Mwalimu aliipokea ile pini kwa mikono miwili. Aliielekeza dirishani akautazama mvunjiko kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Sasa ninafundisha alichokuwa anakisoma pale. Nusu ya mvunjiko ilikuwa nyeupe, inametameta, yaani imekatika siku ileile. Nusu nyingine ilikuwa na kivuli cha bluu, rangi ya moto wa pili. Rangi hiyo hukaa usoni tu, haiwezi kuingia ndani ya chuma kizima. Kwa hiyo ufa ulikuwepo tayari pini ilipokuwa inapumzishwa, na ufa wa namna hiyo huzaliwa mahali pamoja tu, ndani ya debe. Kwa macho yake yale alikuwa ameshajua kila kitu isipokuwa jina la mwizi, na ufunguo ulikuwa wa mtu mmoja.

Hakugeuka kunitazama. Alimwambia Mzee Mwinshehe, "Kazi imetoka karakana kwangu, kaka. Ni yangu. Nisamehe." Mchana uleule akamchongea nyingine. Mzee Mwinshehe aliichukua, na tangu siku hiyo hakuleta tena kazi hapa.

Wengi wenu mnajua kwamba Mwalimu Gharib alikuwa awe Mkuu wa Idara mwezi wa nane mwaka huo. Alipata barua ya onyo badala yake, na cheo kilimfikia mwaka 2005. Miaka sita. Nimesikia kwenye chumba cha walimu, zaidi ya mara moja, mtu akisema kwa nia njema kabisa kwamba mzee ni hodari lakini kuna ile pini yake. Nami nilikuwa nimekaa palepale nikikoroga chai.

Sasa nieleze jambo ambalo wanafunzi wapya hulicheka. Pembeni ya debe la tatu, kwenye kibao, huwa kuna chupa ya mawese. Debe limeandikwa kwa rangi nyeupe CHUMA. Chupa imeandikwa WATU. Kila Jumatatu chupa hujaa, na yeyote anayelala bwenini huchota. Tumezoea kudhani ni ukarimu wa Ujiji. Ukarimu ni kweli, ila una tarehe. Jumatatu iliyofuata baada ya ile pini kukatika, tuliingia karakana tukakuta debe limemwagwa na kusafishwa, limejazwa mawese mapya ya mama yake, na pembeni yake chupa. Mwalimu alisema maneno machache, akiwa amelipa darasa mgongo: mawese ya debe yamelamba vyuma vingi na hayafai tumboni, mwenye njaa achukue ya chupa, tuendelee na ukurasa wa arobaini. Thobias alinikanyaga mguu. Nadhani ndipo alipomjua shangazi yangu.

Ningeweza kusema siku ile. Ningeweza kusema mwaka 2006 niliporudi hapa kama mwalimu. Mwanzoni niliogopa kufukuzwa, maana mama yangu Mwandiga alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba ana mhandisi. Baadaye niliogopa kwamba nimechelewa, na kila mwaka uliopita uliongeza uchelewaji. Mwalimu hakuwahi kunigusia. Ila kila mwisho wa mwaka, alipofungua kabati kufuta vumbi, alikata kadi mpya nyeupe akaiweka kando ya ile pini, akaitoa ya zamani iliyogeuka njano. Mara moja tu aliniambia, tukiwa wawili, "Leodgar, hizi kadi zangu zinaliwa na mende bure." Nilicheka. Nikamwambia nitamletea dawa ya mende, na kweli nikaleta.

Mwezi huu Mwalimu Scola, aliyepewa kazi ya kuhamisha vifaa kwenda jengo jipya, alipitia kabati kipande kwa kipande. Alitoa agizo la busara tu: kisicho na kadi kinakwenda kwenye chuma chakavu Ijumaa baada ya sherehe. Alipofika kwenye pini alimuuliza Mwalimu aitupe au aiandikie "haijulikani". Mwalimu akamjibu aiache hadi Ijumaa, mwenyewe yupo. Scola akaja kuniuliza mimi kama najua ni nani, kwa kuwa nimekaa hapa muda mrefu. Nikamwambia ngoja nichunguze.

Jumanne wiki hii nilichunguza. Niliingia karakana saa nne, wanafunzi wakiwa kwenye mapumziko. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akinoa tupa ambayo hataitumia tena. Aliniamkia kwa Kiha kama kawaida yake, "Mwakeye," kwa lafudhi ya Ujiji ambayo mama yangu huiona kama tusi. Nikaitikia, nikafungua kabati, nikachukua kadi nyeupe, nikaandika mistari mitatu nikiwa nimesimama. Wa nne sikuujua. Nikaifunga kwa waya wa shaba, nikampelekea.

Alivaa miwani. Alisoma taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, hotuba nzima nilikuwa nayo mfukoni.

"Tarehe si tisa," alisema. "Ni kumi na sita. Tisa nilikuwa nimepeleka wanafunzi stesheni."

Nikarekebisha. Akaisoma tena, akanirudishia, akasema mstari wa nne nitaujaza nikiupata. Nikamuuliza kwa nini hakunisema, miaka yote, hata aliponyimwa cheo. Alisema siku ile alilipima debe kwa fito, akakuta maji chini, na jambo la kwanza lililomjia halikuwa hasira. Alijiuliza watoto hawa wanakula nini. Kisha akarudi kwenye tupa yake na kuongeza, kana kwamba tunazungumzia mtihani, "Na risasi haivunjiki, Leodgar. Inachelewa tu kushika umbo. Nikasema tusubiri."

Jumatano nilikwenda Ujiji kwa Mzee Mwinshehe. Nilimwamkia, nikakaa mkekani, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, pamoja na dagaa. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza alisema mama yake, aliyefariki miaka tisa iliyopita, alikuwa akiisimulia siku ile kila harusi, na kwenye masimulizi yake mawimbi yalikua kila mwaka. Halafu akasema, "Mimi na Gharib tunaswali msikiti mmoja. Miaka ishirini na sita nampa mkono, simpi macho." Nikamwambia leo ni sherehe yake. Akauliza saa ngapi. Akauliza tena kama tanuri litakuwa limewashwa.

Litakuwa limewashwa. Kwa hiyo naomba kamati iniwie radhi kwa kuongeza kipengele kwenye ratiba bila ruhusa. Baada ya hotuba na kabla ya chakula, Mzee Mwinshehe atakuwa mlangoni mwa karakana na pini iliyolika ya usukani wake, na Mwalimu Gharib atamtengenezea nyingine mbele yetu sote, kazi yake ya mwisho hapa. Mimi nitashika koleo. Debe nimelipima asubuhi kwa fito, mpaka chini. Ni mawese matupu.

Kadi ya rafu ya tatu sasa imekamilika, na Mwalimu Scola anaweza kuihamisha. Inasomeka hivi: "Leodgar Ruhaga. 16 Julai 1999. Njaa, halafu uongo, halafu maji. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kuiona njaa yako kabla hajauona wizi wako."

Mwalimu Gharib, tunakushukuru kwa miaka yote hii, kwa chai ya moto, kwa reli zinazopumua, kwa majina uliyotubandika na kwa yale uliyoyabeba kwa ajili yetu bila kutuonyesha uzito wake. Umeshapita kwenye moto na kwenye mafuta. Sasa ni zamu yako kupumzishwa, taratibu, mpaka bluu. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na chungu kizima cha Bi Saumu. Kaa kwa amani nyumbani Rusimbi, na usije Jumamosi kututazama. Fuawe tutahama nayo. Debe litakuwa mahali pake, chupa itakuwa pembeni yake, itajaa kila Jumatatu. Na ufunguo, kwa uamuzi wako mwenyewe ambao bado sijauelewa, ninao mimi.

Leodgar Ruhaga
Idara ya Mitambo